Kukaza roho hakutoshi

*Zaidi ya miaka 25 baada ya Vita vya Siku Sita, watu wa Kisangani wanaambiwa wavumilie, wasamehe, wasubiri fidia. Uzoefu wa wanawake wa Kivu unaonyesha kwamba mtu anaweza kubadili namna anavyoyatazama yaliyompata bila kuitupa haki yake.*

Katika komini ya Tshopo, kaskazini mwa mji wa Kisangani, zipo nyumba zenye mfuko wa plastiki ambao watoto hawaruhusiwi kuuchezea. Hukaa juu ya kabati au chini ya godoro. Ndani yake mna kadi ya hospitali iliyofifia wino, picha ndogo ya mtu aliyekufa, karatasi yenye muhuri wa shefu wa kartie. Mwenye mfuko huutoa kila anaposikia kwamba orodha inaandikwa upya.

Orodha hiyo ni ya waathirika wa Vita vya Siku Sita. Kuanzia Jumatatu tarehe 5 Juni 2000 hadi Jumamosi tarehe 10, jeshi la Rwanda na jeshi la Uganda, yaliyoingia Kongo mwaka 1998 yakiwa upande mmoja, yalipigana yenyewe kwa yenyewe katikati ya mji usio wao.

Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliokuja baadaye mwaka huo kutathmini hasara ulitaja raia zaidi ya 760 waliouawa na wapatao 1,700 waliojeruhiwa. Nyumba zaidi ya 4,000 ziliharibika au hazikukalika tena. Shule 69 zilipigwa mabomu. Kanisa kuu nalo lilipigwa. Watu 65,000 walikimbilia msituni.

Jirani akiona mfuko umetolewa, haulizi mengi. Anasema lile ambalo mji mzima husema: “Kaza roho, yaya.” Swali la makala haya ni kama roho iliyokazwa kwa robo karne bado ina nguvu, au imechoka na hakuna aliyeiuliza.

Mji uliozoeshwa mateso

Kisangani haikuanza kuteseka mwaka 2000. Mwaka 1964, ukiitwa bado Stanleyville, mji ulitekwa na waasi wa Simba, na mwezi Novemba makomando wa Ubelgiji wakashuka kwa miavuli kutoka ndege za Marekani. Mwaka 1967 mamluki wa Jean Schramme waliasi hapa. Agosti 1998 mji ukaingia mikononi mwa waasi wa RCD na majeshi yaliyowaunga mkono, mto ukafungwa, na biashara ya meli na Kinshasa haikurudi mpaka 2003. Katikati ya kipindi hicho, Mei 2002, jaribio la maasi lilifuatwa na mauaji ya raia na askari kwa makumi.

Watu waliishi. Mafuta yalipoadimika, vijana walifunga kiti cha sponji nyuma ya baiskeli wakabeba abiria, na toleka ikawa usafiri wa mji. Wanawake wa sokoni waliendeleza likelemba, kila mmoja akitoa kidogo na mmoja akipokea chote, zamu kwa zamu. Lituma ya ndizi iliendelea kutwangwa. Wavuvi Wagenia waliendelea kushusha mitego yao kwenye maporomoko, juu ya miti ambayo mto ukijaa huing'oa nao huisimika upya.

Huo ni ushujaa, na hakuna neno hapa litakaloupunguza. Lakini ushujaa wa raia una hatari moja: viongozi wanauzoea. Kila Mkongo anakijua kifungu cha 15, sheria isiyoandikwa popote inayomwambia mwananchi ajitafutie mwenyewe. Mtu akisifiwa kila siku kwa kuvumilia, hatimaye anaona aibu kusema kwamba anaumwa.

> Mtu akisifiwa kila siku kwa kuvumilia, hatimaye anaona aibu kusema kwamba anaumwa.

Na maumivu ya Siku Sita yana namna yake. Kwa desturi za hapa aliyefiwa haachwi peke yake: watu huja, hulala nje, huimba, hupika, na matanga humbeba mfiwa mpaka aweze kusimama. Juni 2000 haikuruhusu matanga. Mabomu yalikuwa yakipita juu ya mapaa, barabara ya makaburini ilikuwa uwanja wa vita, na baadhi ya marehemu walizikwa uani, kwa haraka, kwa kimya. Kilio kilichokatizwa hakiishi kwa sababu miaka imepita. Hujificha katika usingizi mfupi, hasira zisizo na mwenyewe, kichwa kinachouma bila homa, mtu mzima anayeshtuka radi inapopiga.

Waliyoonyesha wanawake wa Kivu

Tunasikia mengi siku hizi kuhusu kubadili mtazamo. Wahubiri wanalisema, vitabu vya kujijenga vinalisema, simu zetu zimejaa video zinazolisema: fikiria vizuri, mambo yatakuwa mazuri. Mwenye mfuko wa plastiki ana haki ya kuyasikia maneno hayo kama tusi.

Hata hivyo ipo kazi moja iliyofanyika mashariki mwa Kongo ambayo inastahili kusomwa taratibu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na wenzao, pamoja na shirika la International Rescue Committee, walikwenda katika vijiji vya Kivu Kusini na Kivu Kaskazini kufanya kazi na wanawake walionusurika ukatili wa kingono. Katika baadhi ya vijiji wanawake walipewa msaada wa mtu mmoja mmoja: kusikilizwa, kushauriwa, kuelekezwa hospitali au kwa mwanasheria. Katika vijiji vingine walipata tiba ya kuyachunguza mawazo yao: kikao kimoja cha faragha, kisha vikao 11 vya kikundi.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Miezi sita baada ya tiba kumalizika, asilimia 9 tu ya wanawake wa vikundi walikuwa bado na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa. Katika vijiji vya msaada wa mtu mmoja mmoja, ambako wanawake nao walikuwa wamepata nafuu fulani, ilikuwa asilimia 42.

Walioongoza vikundi hawakuwa madaktari. Walikuwa wasaidizi Wakongomani wenye miaka michache ya sekondari, waliofundishwa na kusimamiwa. Wanawake wengi hawakujua kusoma, hivyo mazoezi yaliyozoeleka kuandikwa kwenye karatasi yaligeuzwa yawe ya kukariri. Na vita havikuwa vimekwisha: eneo lenyewe lilikuwa bado halina usalama.

Ndani ya vikao hivyo hakuna aliyeambiwa afikirie mazuri. Kazi ilikuwa kulikamata wazo lenyewe linalomkaba mtu. Mara nyingi wazo hilo ni lawama aliyojibebesha: ni kosa langu, nisingepita njia ile, nimechafuka, sifai kukaa na watu, hakuna binadamu wa kuaminiwa tena. Kisha kikundi kinaliuliza maswali. Una ushahidi gani? Nani alikuwa na bunduki? Kama ndugu yako ndiye aliyepatwa na hayo, ungemwambia ni kosa lake?

Maswali hayo ni mepesi kuyaandika na mazito kuyajibu. Mwanamke aliyejilaumu kwa miaka hamalizi kwa jioni moja. Lakini akiyajibu mbele ya wenzake waliobeba jambo lile lile, anasikia katika vinywa vyao hukumu ambayo hangeweza kujitolea mwenyewe.

Lawama inarudi kwa mwenyewe

Mfikirie mama wa komini ya Tshopo katika ile wiki ya Juni. Umeme na maji vimekatika. Watoto wana kiu. Anamtuma mkubwa wao kuchota maji, na mtoto harudi. Kwa miaka yote inayofuata mama huyo anaweza kuamini kwamba yeye ndiye aliyemuua. Hakuna wimbo wala fidia itakayofika alipo mpaka wazo hilo liguswe.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaoiweka tiba ya moyo upande mmoja na haki upande mwingine, kana kwamba mtu lazima achague. Kinachofanywa na kikundi cha wanawake huko Kivu na kinachofanywa na majaji kule The Hague vinafanana kwa jambo moja: vyote viwili vinaiondoa lawama mahali isipostahili na kuiweka kwa mwenyewe.

Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilihukumu tarehe 19 Desemba 2005 kwamba Uganda ilivunja sheria ya kimataifa kwa uvamizi wake Kongo. Tarehe 9 Februari 2022 ikataja bei: dola milioni 325, ambazo 225 kati yake ni kwa madhara yaliyowapata watu, 40 kwa mali, na 60 kwa maliasili. Kongo ilikuwa imedai zaidi ya dola bilioni 11. Uganda ilipangiwa kulipa kwa awamu tano za dola milioni 65 kila mwaka, kuanzia Septemba 2022.

Rwanda haikuhukumiwa. Mwaka 2006 mahakama hiyo hiyo ilisema haina mamlaka ya kusikiliza kesi ya Kongo dhidi yake, ingawa Baraza la Usalama, katika azimio lake namba 1304 la Juni 2000, lilikuwa limezitaka nchi zote mbili zifidie hasara ya Kisangani. Mabomu yalitoka pande mbili. Hukumu imetoka kwa upande mmoja. Yule ambaye nyumba yake ilibomolewa na kombora hajui lilirushwa na nani, na hakuna sababu ya kumtaka ajue.

> Mabomu yalitoka pande mbili. Hukumu imetoka kwa upande mmoja.

“Pesa kwanza”

Vyama vya waathirika vina hoja yao, nayo ni nzito. Mtu aliyepoteza mguu anahitaji mguu wa bandia kabla ya mazungumzo. Mjane ana kodi ya nyumba. Kumwambia ayaangalie maisha kwa jicho jipya wakati haki yake ipo benki kwa jina la watu wengine ni kumwongezea jeraha.

Na hofu yao kwamba pesa hizo hazitawafikia si ya kubuni. Serikali iliunda mfuko maalumu, FRIVAO, wenye makao yake hapa hapa Kisangani, ili ugawe pesa za Uganda. Tangu mwanzo kulikuwa na malalamiko kuhusu orodha, kuhusu vigezo, kuhusu uongozi. Kisha ikaja kesi iliyotikisa nchi: Waziri wa Sheria Constant Mutamba alishtakiwa kuhusu dola milioni 19 za fidia hiyo, zilizohamishwa kwa ajili ya kujenga gereza jipya Kisangani. Alikana. Alijiuzulu Juni 2025, na tarehe 2 Septemba mwaka huo Mahakama ya Rufani ya Juu huko Kinshasa ilimhukumu miaka mitatu ya kazi ngumu.

Nimejaribu kuitazama habari hiyo kwa macho ya mwenye mfuko wa plastiki. Alisubiri zaidi ya miaka 20 asikie kwamba kukiri kwa dunia kuwa alionewa kumepata bei. Alipokwisha kusikia, akaambiwa pesa zilizobeba kukiri huko zimeingia katika kesi nyingine. Mtu kama huyo hahitaji mhubiri wa matumaini. Anahitaji hesabu zisomwe hadharani, jina kwa jina.

Lakini pesa peke yake nayo ina mipaka yake, na vyama vyenyewe vinalijua hilo kuliko sisi. Fidia inayofika katika nyumba ambayo watu wake hawajazungumza tangu Juni 2000 inaweza kuwa ugomvi mpya: nani alikuwa karibu zaidi na marehemu, nani alihangaika na karatasi, nani alikimbilia Kinshasa akarudi siku ya malipo.

“Sameheni, tuendelee”

Upande mwingine ni wa ibada. Kisangani ina Wakatoliki, Waprotestanti, Wakimbangu, makanisa mengi ya uamsho, na Waislamu ambao mizizi yao inarudi hadi enzi za Tippu Tip. Kwa watu wengi mlango wa kwanza wa huzuni ni huo. Kwaya inayokutana kila wiki, mama wa jumuiya anayekuja na sufuria, imamu anayeketi na mfiwa: vitu hivi vimezuia watu wengi wasivunjike, na yeyote anayetaka kujenga huduma ya afya ya akili Tshopo bila kuvishirikisha anajenga hewani.

Tatizo linaanza pale huzuni inapohesabiwa kuwa upungufu wa imani, au ugonjwa wa akili unapoitwa kindoki, yaani uchawi. Wagonjwa hupelekwa kwenye vyumba vya maombi, wafungishwe saumu, wengine wafungwe kamba, na dawa iachwe. Tatizo linaendelea pale msamaha unapodaiwa kutoka kwa aliyeumizwa kabla aliyeumiza hajasema hata neno moja. Msamaha ni mali ya mwenye jeraha. Hawezi kulazimishwa kuutoa ili sisi wengine tupate usingizi.

Wasikilizaji wako wapi?

Kongo ina madaktari wachache mno wa magonjwa ya akili, na wengi wao wako Kinshasa. Kivu imepata bahati ya kuwa na vituo vya Mabradha wa Upendo: SOSAME huko Bukavu, na Goma kile kituo ambacho jina lake peke yake ni faraja, Tulizo Letu. Mkaaji wa Tshopo yuko mbali na vyote viwili, kwa barabara na kwa usalama.

Ila Kisangani ina kitu ambacho miji mingi ya nchi haina. Mwaka 1971, vyuo vikuu vya nchi vilipounganishwa kuwa kimoja, masomo ya saikolojia na ualimu yaliwekwa hapa. Chuo Kikuu cha Kisangani kina kitivo cha saikolojia mpaka leo. Mji wenye jeraha na mji wenye kitivo ni mji mmoja.

Ushahidi kwamba si lazima kusubiri madaktari upo pia Nairobi. Shirika la Afya Duniani lilitengeneza mpango wa vikao vitano, unaoendeshwa na wahudumu wa afya wa jamii baada ya mafunzo mafupi. Ulijaribiwa kwa wanawake wa mitaa ya pembezoni, wengi wakiwa wamepitia ukatili, na matokeo ya mwaka 2017 yalionyesha kuwa huzuni na wasiwasi vilipungua zaidi kwao kuliko kwa waliopata huduma ya kawaida.

Mambo yanayofundishwa humo ni ya kila siku kabisa. Kupumua taratibu mpaka mwili utulie. Kuyachambua matatizo: hili naweza kuligusa wiki hii, hili siwezi, na lile halistahili usingizi wangu. Kulichukua lile linaloguswa na kulikata vipande vidogo. Kurudia shughuli iliyoachwa tangu huzuni ianze, hata bila hamu, kwa sababu hamu mara nyingi huja baada ya kazi. Na kurudi kwa watu.

Kwa mtu wa Kisangani hili la mwisho lina anwani. Likelemba ni kikundi tayari. Wanawake wanaoaminiana pesa wanaweza kuaminiana maneno, na mmoja wao akifundishwa kuuliza yale maswali ya Kivu, kikao cha Jumamosi kitafanya kazi mbili. Kukaza roho peke yako ni kama kuzuia pumzi chini ya maji: kunaokoa kwa muda, kisha kunaua. Kikundi ndiyo nafasi ya kuibuka juu na kuvuta hewa.

Lubunga, jeraha lililo wazi

Haya yote yangeweza kuonekana habari za wazee kama isingekuwa ng'ambo ya mto. Tangu Februari 2023 mgogoro wa ardhi katika komini ya Lubunga na maeneo jirani umewagombanisha Wambole na Walengola. Vijiji vilichomwa, watu waliuawa kikatili, na maelfu wakavuka kuingia mjini na kulala katika kambi na kwa ndugu. Ni watu waliokuwa wakioana.

Hapa kuirudisha lawama kwa mwenyewe kunakuwa kugumu zaidi, na kwa haraka zaidi. Aliyechomewa nyumba anamjua aliyewasha moto, au anadhani anamjua. Wazo linalomkaba halisemi tena “ni kosa langu”; linasema “wao wote ndivyo walivyo.” Wazo hilo linahitaji maswali yale yale. Nani hasa? Ulimwona? Na yule jirani wa kabila lile aliyekuficha, yumo katika “wote” hao?

Swali kama hilo linatuhusu pia tunapotaja Rwanda na Uganda. Machi 2025, Walikale ilipoanguka mikononi mwa waasi wa M23 na watu wakaanza kupima umbali wa barabara inayokuja Kisangani, hofu ya Juni ilirudi. Hofu hiyo ina haki ya kuwepo. Haina haki ya kumgeuza kila mwenye sura au lugha fulani kuwa kombora. Majaji wa The Hague walitaja dola iliyotenda. Hawakulaumu kabila.

> Wazo linalomkaba halisemi tena “ni kosa langu”, linasema “wao wote ndivyo walivyo.”

Awamu ya mwisho

Kwa ratiba iliyowekwa na mahakama, awamu ya tano na ya mwisho ya dola milioni 65 inaangukia tarehe 1 Septemba 2026. Baada ya hapo hakutakuwa na nyingine.

Waathirika wanadai orodha ibandikwe ukutani na malipo yafike mkononi mwa mwenye jina, na katika hilo hawapaswi kurudi nyuma hata hatua moja. Juu ya dai hilo naongeza jingine, nalo lisikate senti katika fungu la mtu yeyote mmoja mmoja: sehemu ya pesa za fidia zilizotengwa kwa kazi za pamoja iwafundishe wasikilizaji. Wachaguliwe katika likelemba, katika kwaya, misikitini, katika kambi za Lubunga. Wafundishwe na kitivo kilichopo hapa, kwa Kiswahili na Lingala, kwa mtindo usiohitaji kusoma, kama walivyofanya Kivu. Na waanze na wazee wa komini ya Tshopo, kwa maana aliyekuwa na miaka 50 ile wiki ya Juni amekwisha kuvuka 75.